Mkarafuu Mkongwe Uliovunjwa na Upepo

Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na mti ukizeeka hatari huzidi.

Basi baada ya upepo mkali, mkarafuu wa uani utazamwe kwanza kutoka chini, mtu asiuparamie. Tawi lililovunjika likatwe kwa msumeno karibu na shina, bila ya kuchubua gome. Lakini shina likipasuka na kuinamia nyumba, mshauri bwana shamba, kisha mti ukatwe, japo ungali unazaa. Pishi chache za karafuu hazilipi mguu wa mchumaji.

Mche mpya upandwe mbali na nyumba, utiwe kivuli. Usichelewe: kuzaa kwake hungoja miaka 6 au zaidi.