SOMO LA MWEZI: KUARIFU HABARI KWA SIMU YA UPEPO



Katika ukaguzi wa vyama nimezoea kutafuta hasara ndani ya vitabu. Lakini iko hasara isiyoandikwa vitabuni, nayo huletwa na habari iliyoarifiwa vibaya. Msimu mmoja wa pamba, mwanachama wa chama kimoja aliona lori limesimama kando ya barabara, dereva akibadilisha gurudumu. Habari ilipofika ghalani ilikuwa imekwisha kugeuka: lori limepinduka, ununuzi umeahirishwa. Wakulima wakaibeba pamba yao kurudi nyumbani, na njiani mvua ikawanyeshea. Lori lilifika jioni ile ile. Pamba iliyotoka nyumbani ikiwa safi ilikuja kununuliwa kwa bei ya fifi.

Namna ya kuarifu vema twaweza kuitazama kwa Wamarekani, ambao mwaka 1958 serikali yao iliwatengea raia masafa ya megahezi 27 kwa simu ya upepo. Chombo chenyewe ni kidogo, hufungwa garini au nyumbani. Nguvu yake kwa usemaji wa kawaida haizidi wati 4, hivyo sauti hufika kilometa chache tu, na vilima huipunguza zaidi. Chaneli zilikuwa 23, zikaongezwa kuwa 40 mwaka 1977. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, madereva wa malori waliitumia kwa wingi kuambiana ni kituo gani bado kina dizeli (na, tusifiche, askari wa barabarani wamejificha wapi). Chaneli ya 9 ilikuwa imetengwa tangu 1970 kwa dharura na msaada wa wasafiri. Watu wa kujitolea, wakiwamo wa chama cha REACT kilichoanzishwa mwaka 1962, walikaa zamu kuisikiliza, kisha wakapeleka habari za ajali kwa polisi kwa simu ya kawaida.

Ieleweni tabia ya chombo hiki. Abonyezaye kitufe ili aseme hawezi kusikia wakati huo huo, na wawili wakisema pamoja hupatikana mvumo mtupu. Tena hakuna siri: kila aliye katika chaneli ile husikia, na aliyesikia nusu atapeleka nusu. Kwa hiyo msemaji hutaja kwanza yeye ni nani na yuko wapi, kisha saa, kisha alichokiona, kisha msaada unaotakiwa. Msikilizaji wa zamu humrudishia maneno yale yale ili kuhakikisha, naye huyaandika.

Jambo kubwa kupita yote ni kutenga kilichoonwa na kilichosikiwa. “Lori limeharibika, haliji” si taarifa, ni hukumu. Taarifa ni hii: “Niko darajani, saa nane na robo mchana. Naona lori la pamba limesimama, dereva anabadilisha gurudumu. Sijazungumza naye.” Maneno hayo mawili ya mwisho yangeiokoa pamba ya wale wakulima, kwa kuwa yangemfanya karani atume mtu kwenda kuuliza. Na kama habari umeipokea kwa mwingine, mtaje aliyekupa.

Kanuni hii haikomi kwenye simu ya upepo. Kundi la wanachama katika simu za mkononi lina tabia ile ile, mmoja husema na wote husikia. Chama kinachotaka kununua simu ya upepo kiulize kwanza mamlaka ya mawasiliano ya nchi kuhusu kibali na masafa. Aidha katibu aweke daftari la taarifa lenye safu za tarehe, saa, jina la mtoa habari, “ameona” au “amesikia”, na hatua iliyochukuliwa. Nitakapopita nitaliomba pamoja na kitabu cha fedha.

Zoezi kwa mkutano ujao wa kamati: mjumbe mmoja atoke nje kwa dakika 5, arudi na kueleza alichokiona kwa sentensi tatu. Habari ipitishwe sikioni kwa wajumbe wote, na wa mwisho aiandike ubaoni.