Mbayuwayu na Pete Yake

Nchi ya Ufipa iko juu, wala miti yake si mingi. Wakati wa mvua, tangu Novemba hata Aprili, ziko siku ambazo watu wa Sumbawanga hawana budi kukaa nyumbani. Ukungu hufunika milima ya Mbizi, na baridi huingia mpaka vyumbani. Mtoto asiye na shughuli huiona siku hiyo kuwa ndefu sana. Lakini mwenye kitabu, sindano na macho mazuri hana sababu ya kuchoka.

Tuseme msichana ameketi barazani akitarizi kitambaa cha meza, naye ataka kutia mbayuwayu pembeni. Hudhani kazi ni rahisi, kwa kuwa ndege huyo amemwona kila mwaka. Lakini akishika nyuzi husita. Koo lake ni rangi gani? Mkia wake umekatwaje? Basi huweka sindano chini na kutazama.

Akitazama vema ataona kwamba mbayuwayu si wa namna moja. Mmoja amejenga kiota cha udongo chini ya mapaa, chenye mlango mrefu kama shingo ya chupa. Kichwa chake ni chekundu kama kutu, na kifua cheupe kina michirizi myeusi. Wa pili hana kiota. Mgongo wake ni mweusi wenye kung'aa kibuluu, paji la uso na koo ni rangi ya matofali, na chini ya koo ana mkanda mweusi. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Huyu hupita chini chini nyuma ya ng'ombe, tena hufuata watu wanaofukia majani katika yale matuta ya mviringo ya Wafipa, apate kudaka wadudu walioshtuka. Mwezi wa Januari wengi hawana manyoya mawili marefu ya mkia, maana ndipo wanapobadili manyoya. Atariziye na asistaajabu. Aprili huondoka, wasionekane tena mpaka Septemba au Oktoba. Huenda wapi?

Watu wa Ulaya nao walijiuliza hivyo, kwa kuwa huko ndiko mbayuwayu huyu anakozaa, kisha hutoweka kabla ya baridi kali. Hata wenye elimu walipata kuamini kwamba hulala matopeni chini ya maziwa! Mwaka 1822 katika Ujerumani alionekana korongo mwenye mkuki wa Afrika uliompenya shingoni, naye alikuwa angali akiruka. Ndege huyo amehifadhiwa mjini Rostock. Baadaye, mwaka 1899, mwalimu wa shule wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika ndege pete nyepesi zenye nambari.

Katika Uingereza, jimbo la Staffordshire, alikuwako mwanasheria aitwaye John Masefield. Mbayuwayu walijenga katika ukumbi wa nyumba yake. Tarehe 6 Mei, 1911, alimshika mmoja, akamvika pete ya nambari B830, iliyoandikwa pia jina la Witherby na mtaa wake wa London, akamwachilia. Ukapita mwaka mmoja na miezi saba. Tarehe 23 Desemba, 1912, mbayuwayu alishikwa ndani ya nyumba ya shamba, karibu na mji wa Utrecht katika Natal, Afrika ya Kusini. Mguuni alikuwa na pete ile ile. Barua ikaandikwa kwenda London, ikitaja shamba na maneno ya pete. Kutoka huko hata huko ni karibu maili 6,000. Masefield hakusafiri, wala mwenye shamba hakusafiri; kila mtu alikuwa kwake, na njia ya ndege ikajulikana. Lau pete ingalitupwa jalalani, habari ingalipotea.

Hata leo ndege huvikwa pete. Wavulana wenye manati wasimpige mbayuwayu, ambaye hana nyama ya kumshibisha mtu. Lakini mtu akimwokota aliyekwisha kufa, na amtazame miguu. Akiona pete, aandike herufi na nambari zote bila kuacha hata moja, na mahali, na tarehe, kisha ampelekee mwalimu wake karatasi hiyo pamoja na pete.