Wasiwasi Unapopita Kiasi: Maswali na Majibu

Wasiwasi wa kawaida hutofautianaje na ugonjwa wa wasiwasi?

Mkulima wa Ndalu, katika eneo bunge la Tongaren, ambaye mvua ya Machi imemchelewea ilhali mbegu na mbolea amekwisha kuzinunua kwa mkopo, ana kila sababu ya kukosa usingizi. Wasiwasi wake una chanzo kinachojulikana, humsukuma kutafuta njia, na hupungua mvua inyeshapo. Ugonjwa wa wasiwasi ni hali ambamo hofu huzidi ukubwa wa tishio, hudumu hata tishio likishapita, na humzuia mtu kufanya kazi, kulala au kuchangamana na wenzake. Katika aina iitwayo wasiwasi wa jumla, ambapo fikra huhama kutoka karo hadi afya ya watoto hadi bei ya mahindi bila kutua, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hutaka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 301 waliishi na magonjwa ya wasiwasi ya aina zote mwaka 2019.

Kwa nini wagonjwa wengi hulalamikia mwili badala ya mawazo?

Kwa sababu hofu yenyewe ni kazi ya mwili. Amigidala, sehemu ndogo ya ubongo inayotambua hatari, ikishatoa ishara, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, yaani homoni inayoutayarisha mwili kupigana au kukimbia, na hapo moyo hudunda, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na tumbo huchafuka. Mgonjwa hufika zahanati akisema kwamba ana presha au vidonda vya tumbo, hupewa dawa ya malaria au ya taifodi, kisha hurudi na malalamiko yaleyale. Ni kweli kwamba uchunguzi wa mwili hauna budi kutangulia, maana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na hata kuacha pombe ghafla huleta dalili zinazofanana na hizi. Kosa ni kurudia vipimo vilevile kila mara pasipo mtu yeyote kumuuliza mgonjwa kinachomkosesha usingizi.

Je, shambulio la hofu linaweza kuua?

Shambulio la hofu, yaani dalili hizo zinapomvamia mtu ghafla kwa pamoja, lenyewe haliui: hufikia kilele ndani ya dakika chache, kisha hushuka, ingawa mgonjwa huamini kwamba anakata roho. Hata hivyo, maumivu ya kifua yanayomjia mtu kwa mara ya kwanza, hasa yakisambaa hadi mkononi au tayani, yachukuliwe kuwa ya moyo hadi daktari athibitishe vinginevyo.

Ni nini kinachoudumisha ugonjwa huu?

Ni kukwepa, na hapa ndipo penye kiini cha tiba. Mtu aliyeshikwa na shambulio ndani ya matatu ya kwenda Kitale huacha kupanda matatu, kisha huacha kwenda sokoni, na hatimaye hakai kanisani ila karibu na mlango. Kila anapokwepa hupata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo huufundisha ubongo kwamba alinusurika kwa sababu alikwepa. Tiba ya fikra na mienendo, ambayo ni mazungumzo yenye mpangilio pamoja na mazoezi, huuvunja mzunguko huo hatua kwa hatua: kwanza mgonjwa husimama stendi bila kupanda gari, baadaye husafiri hadi kituo kinachofuata, na mwishowe hufika Kitale siku ya msongamano, akikaa katika kila hatua mpaka hofu ipungue yenyewe. Maombi na uangalizi wa jamaa huleta faraja ya kweli, lakini jamaa anayemsindikiza mgonjwa kila aendako, kwa nia njema kabisa, huenda akawa njia nyingine ya kukwepa.

Na walioyapitia machafuko ya Mlima Elgon?

Mapigano ya kati ya 2006 na 2008, yaliyotokana na ugawaji wa ardhi ya Chebyuk, yaliwafukuza wengi kutoka makwao. Mtu anayerejewa na matukio hayo usingizini, au anayeshtuka asikiapo kishindo, huenda ana kiwewe, ambacho tangu 2013 mwongozo wa Marekani uliotajwa hapo juu hukiweka nje ya kundi la magonjwa ya wasiwasi. Kiwewe na wasiwasi, hata hivyo, mara nyingi humkuta mtu mmoja.

Pasipo na daktari wa akili, nani atatibu?

Jibu zuri limetoka Zimbabwe. Huko Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchambua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba dalili za waliohudumiwa kwenye benchi zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu wa afya ya jamii wa Bungoma na Trans Nzoia, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba, wangeweza kufundishwa kazi ya namna hiyo.

Dawa zina nafasi gani?

Fluoksetini na setralini husaidia, lakini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo, na siku za mwanzo zinaweza hata kuuzidisha wasiwasi, jambo ambalo mgonjwa asipoambiwa mapema huzitupa. Diazepamu hutuliza haraka na kwa sababu hiyo hupendwa, ila hujenga utegemezi ndani ya wiki chache. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiikatize ghafla, kwa kuwa anaweza kupata degedege, bali apunguziwe kipimo kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.