SADAKA YA MTI NA FUNGU LA NDEGE

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. 

Katika Bukhari na Muslim, Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tazama, ndege ametajwa waziwazi. Sisi tukipanda humkumbuka mtu tu.

Angalia lupango lako hapa Kamina. Utakuta mwembe, mpapai, pengine mkalitusi wa kupata miti ya kujengea. Hiyo ni mali, usiing'oe. Lakini yote asili yake ni nchi za mbali, na majani ya mkalitusi wadudu wengi wa kwetu hawayali. Ndege nao, hata wale walao mbegu, wengi wao huwalisha makinda wadudu. Pasipo kiwavi hapana kinda. Viwavi wamo katika miti ya pori letu la miombo, ndiko watokako wale wa sokoni (mas'ala ya kuwala tuyaache Ijumaa nyingine). Na pori hilo tunalimaliza kwa makala. Sote tunapikia makala, hata mimi.

Basi panda mti mmoja wa kwetu. Mbegu ya masuku ikikauka hufa, kwa hiyo ukiisha kula tunda ipande upesi. Changanya na udongo uliochotwa porini chini ya mti wake, kwa maana mizizi yake huhitaji ukungu uliomo humo. Mkuyu huota kwa tawi. Uweke mbali na ukuta na choo, mizizi yake ina nguvu. Mwenye nafasi ndogo aache kona moja bila kufyeka. Mtasema nyoka. Ni kweli, basi kona iwe mbali na mlango.

Katika Abu Dawud, Ibn Mas'ud (r.a.) anaeleza kuwa walipokuwa safarini walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamrisha arudishiwe. Wazazi, wasimulieni hayo watoto wenye manati.

Chimbeni mashimo kabla ya mvua za mwezi wa kumi. Kiangazi kikifika, tawadheni juu ya beseni, na maji yale mmwagie mche.

Wabillahi tawfiq.