Somo la 14: Kauli ya Kutendewa na Upatanisho wa Majina ya Wanyama

Soma kifungu kifuatacho kwa sauti, ukichunguza viambishi vya vitenzi.

Usiku senene dume huimba kwa kusugua mabawa: meno yaliyo chini ya bawa la kushoto hukwaruzwa na ukingo wa bawa la kulia. Jike humsikia kwa masikio yaliyo katika miguu ya mbele, chini kidogo ya magoti. Katika baadhi ya jamii za ukoo huu, madume wawili wakiimba pamoja, jike humwendea mwenye sauti kubwa zaidi. Katika jamii nyingi dume humpa jike donge la chakula wanapopandana. Mwaka 1981 Darryl Gwynne alieleza kuhusu jamii moja ya Marekani ambayo, chakula kinapokuwa haba, majike hugombea madume, na majike wepesi hukataliwa.

Mwanafunzi anayezungumza Kiganda au Kinyarwanda huelekea kusema *senene inaimba, kwa kuwa katika lugha hizo mnyama hufuata ngeli ya jina lake. Katika Kiswahili sanifu uhai hutangulia umbo: senene anaimba, jike amechagua, majike wamechagua, ijapokuwa jike/majike lina umbo la LI-YA.

Sasa tazama: Dume anamwimbia jike. Jike anaimbiwa na dume. Kitenzi imba kimepata -i- ya kutendea, kisha -w- ya kutendwa, na kiambishi cha mtendewa -mw- kimeondoka kwa kuwa mtendewa amekuwa kiima. *Jike anamwimbiwa na dume si sahihi, nalo ni kosa la kawaida sana.

Kuna kosa jingine ambalo kalamu nyekundu hulipita. Mazoea ya oa na olewa humfanya mwanafunzi aandike: Jike anachaguliwa na dume. Sarufi yake haina dosari, lakini kwa senene habari imepinduka. Kutendewa hakumfanyi kiima kuwa mnyonge: jike anayeimbiwa ndiye anayechagua. Mwalimu asiitie alama ya vema sentensi hiyo kabla ya kumrudisha mwanafunzi kwenye kifungu.

Zoezi
Geuza katika kauli ya kutendewa: Madume wanawaimbia majike. Dume amemletea jike chakula. Kisha eleza, kwa sentensi mbili zenye kauli tofauti, ni nani anayechagua na nani anayechaguliwa katika jamii aliyoieleza Gwynne chakula kinapoadimika.