Saa Iliyokufa Mapema

Saa ya kwanza ya wapiga mbizi kupita mikononi mwangu niliiharibu mwenyewe, na nikalipia. Ilikuwa Seiko 6309, nene, uso mweusi, kitufe cha kurekebishia kimekaa kwenye nne badala ya tatu. Niliinunua Bungoma mjini kwa shilingi 3,500. Mikwaruzo yake ikanitia aibu, nikaipeleka kwa fundi mmoja ambaye simtaji. Kwa 1,200 aliisugua ikang'aa kama sufuria ya arusi, akang'oa uso uliofifia na kuweka mpya wenye maandishi meupe pee. Wiki nzima nilitembea nimekunja mkono wa shati. Kisha nikamtumia picha mnunuzi wa Nairobi ambaye awali, kwa picha za mikwaruzo, alikuwa ametaja elfu thelathini. Akajibu: "Boss, hii mmeiua." Hakutoa hata tano.

Nikajifunza kwa machungu. Ninayoandika hapa ni ya mtu aliye Malakisi, Sirisia au Kitale, aliyesikia kwamba saa kuukuu ni pesa na sasa anawaangalia wazee vifundo vya mikono.

Ni kweli ni pesa, ila si zote. Saa hizi zilizaliwa kuwa vifaa vya kazi. Blancpain Fifty Fathoms ilitoka 1953, Rolex Submariner ikafuata papo hapo, na Seiko ikaleta yake ya kwanza 1965, ya kuhimili mita 150. Pete inayozunguka kioo ilikuwa ya kumwonyesha mzamiaji amekaa chini ya maji dakika ngapi kabla hewa haijamwishia. (Dakika zina raha yake: hazina saa za Kiswahili wala za Kizungu.) Baadaye kompyuta za kuzamia zikachukua kazi hiyo, saa zikabaki pambo, na pambo lisilotengenezwa tena hupanda bei. Submariner 5513, iliyotengenezwa tangu 1962 hadi 1989, miaka ya sitini haikufika dola 300 dukani. Leo nzuri yake inapita dola 10,000. Hata Seiko ya kawaida, SKX007, ambayo watu walizoea kuipata chini ya dola 200, ilipoacha kutengenezwa 2019 ikaanza kutafutwa kama dawa.

Lakini mwanzoni mwa 2022 bei ya saa duniani ilifika kileleni, kisha ikashuka, na waliokopa ili wanunue wakaumia. Sisi tuna mtego wetu zaidi: shilingi. Chukua saa ya dola 500. Mwanzoni mwa 2022, dola ikiwa karibu 114, saa hiyo ilikuwa shilingi 57,000. Januari 2024 dola ilikaribia 160, saa ikawa 80,000, watu wakasema saa zimepanda. Baadaye mwaka huohuo dola ikarudi karibu 130, na saa ileile, kabatini palepale, ikawa 65,000. Haikuwa imefanya lolote. Kwa hiyo mtu akikuambia saa yake imepanda, muulize imepanda kwa pesa ya nani.

Sasa, saa ya mpiga mbizi inatafuta nini Malakisi, ambako kiangazi mto unamfika ng'ombe magotini? Ilikuja na watu. Wapo waliofanya kazi bandarini Kilindini, wapo wanamaji waliostaafu kutoka Mtongwe, wapo waliovuna tumbaku mwaka mzuri na kuingia dukani malipo yakiwa bado moto mfukoni. Upande wa Kitale utaletewa hadithi nyingine: Rolex iliyoachwa na mlowezi aliyefunga virago wakati wa uhuru. Nimeletewa nne. Zote zilikuwa feki, mbili zikiruka sekunde tik, tik, za betri. Rolex pekee ya uhakika niliyowahi kukutana nayo huku kwetu ni ile ya Lwakhakha, ya chapati na mayai.

Saa za walowezi zina jambo moja si la mzaha. Rangi ya kung'aa gizani iliyopakwa kabla ya miaka ya sitini mara nyingi ilikuwa na radiamu. Mng'ao ulishakufa, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usiikwangue, na usifungue saa hiyo kwenye meza ya chakula. Zilizofuata za Uswisi zilitumia tritiamu, na utaona herufi T mbili chini kabisa ya uso, moja kila upande wa neno SWISS. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Saa ya 1970 yenye herufi hizo ikikumulika usiku wa leo kama tochi, kuna mtu aliipaka rangi upya.

Siri yangu yenyewe ni hii: natafuta saa iliyokufa mapema. Mafundi wetu ni hodari mno. Saa iliyotembea miaka arobaini Bungoma imepita mikono sita, na kila mkono umeacha kitu: mshale wa saa nyingine, kioo cha kukata, uso wa kuagiza. Inatembea, ndiyo, lakini ya kiwandani imebaki nusu. Ile iliyosimama na kutupwa kwenye mkebe haijaguswa na mtu.

Nilikuta moja kwa khocha wangu, kaka yake mama, ambaye huniita mwiwa, yaani mpwa. Aliinunua Kilindini kwa baharia, ikamwangukia bafuni 1991, ikakata, akaitia kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na risiti za karo. Aliponimiminia vitu mezani moyo ulinipiga: Seiko 6309 nyingine.

"Mwiwa, hiyo imekufa zamani. Nipe elfu mbili uende nayo."

Niliomba kwanza niitazame. Niliipeleka mlangoni penye mwanga, nikatoa kioo cha kukuzia. Mgongoni mwa saa mawimbi yaliyochongwa yalikuwa bado na makali. Saa iliyosuguliwa huwa mawimbi yamelala. Namba ya mfululizo ilianza na 37. Kwa Seiko tarakimu ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, Oktoba huandikwa 0, Novemba N na Desemba D. 6309 zilitengenezwa 1976 hadi 1988, kwa hiyo 3 ni 1983 tu, na 7 ni Julai. (Ikianza na 6, 7 au 8 itakubidi ubishane na muongo.) Chini kabisa ya uso, kwa maandishi ya kuumiza macho, kulikuwa na msimbo unaoanza na 6309, sawa na wa mgongoni. Nukta za kung'aa zilikuwa zimegeuka rangi ya siagi, na mishale vilevile. Hapo ndipo feki nyingi hunaswa: nukta za siagi, mishale myeupe. Nilipoitikisa taratibu nikasikia ule uzito wa ndani ukizunguka bila kukwaruza. Haitiwi ufunguo kwa mkono hii, hutegemea mtikiso tu, kwa hiyo usikazane kukizungusha kitufe.

Nilimwambia khocha ukweli: ikitengenezwa inaweza kufika 45,000. Nikampa 20,000. Wenzangu katika biashara hii hunicheka, wana mtindo wa kumwambia bibi kizee kuwa saa ya marehemu ni chuma chakavu. Mimi nitarudi kwenye boma hilo kula matanga na arusi, siwezi.

Kisha Kitale, matatu mbili kupitia Chwele na Kimilili, kwa mzee mwenye meza barazani. Maagizo yangu huwa mafupi na nayarudia mara mbili: safisha mashine, weka mafuta, badilisha mipira ya kuzuia maji. Kioo usiguse. Uso usiguse. Kasha usisugue. Kilichotolewa nirudishiwe, hata skrubu. Mara ya kwanza alikasirika, alidhani simwamini. Siku hizi ananionyesha kila kipande kabla hajakigusa. Alilipwa 5,500, mipira ikanigharimu 900, nauli na chai karibu elfu moja. Jumla, pamoja na pesa ya khocha, 27,400. Na hata baada ya mipira mipya siiingizi majini. Mita 150 zilizoandikwa usoni ni ahadi ya 1983.

Ukiuza, piga picha nje asubuhi, uonyeshe mikwaruzo yote, ndani ya mashine, na namba. Mnunuzi Bungoma hayupo. Yuko Nairobi au ng'ambo, na pesa iingie M-Pesa kabla kifurushi hakijapanda gari. Karo ya mtoto usiiweke humu, maana saa huuzwa siku mnunuzi anapotaka, na shule hufungua siku yake.

Ya khocha bado ninayo. Nimeizungushia soksi, iko kabatini, naivaa Jumapili moja kwa mwezi ili mafuta yasigande. Nimeahidiwa 42,000, nangoja 45,000. Yeye alizichukua zile 20,000, akaongezea kidogo, akanunua mtamba Chwele. Nilipopita juzi mtamba alikuwa amezaa, na khocha alinikaribisha chai ya maziwa mazito, akaniuliza kama saa imeshazaa.