Mkeka wa Bibi na Mkeka wa Kwenye Simu



Jumapili moja mwanzoni mwa muhula huu nilikuwa nimekaa kwenye vimbweta na jamaa watatu wa hosteli yetu. Ghafla mmoja akashika kichwa. "Mkeka umechanika!" Wengine wakacheka, kisha wakampa pole. Hakuna aliyeuliza mkeka gani. Sote tulijua kwamba kuna timu imeruhusu bao dakika za nyongeza, na elfu tano ya bumu imekwenda na maji.

Usiku ule sikuacha kulifikiria neno lile. Kwenye simu zetu mkeka ni orodha ya mechi za kubeti. Kwenye habari mkeka ni orodha ya walioteuliwa: "mkeka umetoka", tunaambiana, na kila mtu anaangalia majina. Neno lina afya njema kabisa. Lakini kitu chenyewe, ule mkeka wa ukindu unaotandikwa chini watu wakakaa, kwenye korido yetu ya vyumba ishirini upo mmoja tu. Ni wangu, na kwa miaka miwili ulikaa umekunjwa nyuma ya kabati kwa sababu niliuonea aibu.

Makala hii ni somo dogo kuhusu kazi za mikono katika zama hizi za televisheni na simu. Siandiki kama mtaalamu. Naandika kama mtu aliyelifeli somo hili kwanza.

Mkeka unavyozaliwa

Bibi mzaa mama anaishi Rufiji, jirani na Ikwiriri. Mikeka yake ndiyo iliyoninunulia daftari, sare na viatu tangu shule ya msingi. Ukindu ni majani ya mkindu, mti wa jamii ya mtende unaopenda sehemu zenye majimaji. Yapo pia majani ya mkoche, yaani milala, ambayo ni magumu zaidi na hutumika sana kwa majamvi na vikapu. Kwa mkeka laini wa kulalia, bibi hataki kusikia kitu kingine zaidi ya ukindu.

Kazi inaanza porini. Linakatwa kuti changa la katikati ambalo bado halijafunguka, kwa sababu jani lililokomaa hukatika likikunjwa. Anayeijua kazi hakati kila chipukizi, anauachia mti nafasi ya kuendelea kuishi. Majani yanaanikwa juani mpaka kijani kiondoke yabaki meupe. Kisha yanachanwa kuwa chane, vipande vyembamba vyenye upana ulio sawa. Baadhi ya chane zinachemshwa kwenye rangi, nyingine zinaachwa na weupe wake.

Hapo ndipo unasukwa ukili. Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa vidole, chane zikiwa zimelainishwa kwa maji kidogo, na urefu wake unapimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Ukili ukitosha, unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana wa mkeka upatikane. Mwisho ni kupiga pindo na kukata vinyuzi vilivyochomoza.

Kinachonishangaza mpaka leo ni hesabu. Nakshi ya mkeka inasukwa ndani ya ukili kabla mkeka wenyewe haujakuwepo. Bibi anasuka utepe mmoja mrefu huku akijua kwamba, ukishakunjwa na kushonwa, ua lile la pima ya tatu litakutana na ua la mstari unaofuata. Hana karatasi wala rula. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph Marie Jacquard aliupa mtambo wa kufuma nguo kadi zenye matundu ili mtambo ujue uzi upi upande na upi ushuke, na wazo la kadi zile baadaye likatumika kwenye kompyuta. Wenzetu wa kompyuta mnalifahamu jina hilo. Bibi kadi zake ziko kichwani.

Namna ya kuusoma mkeka

Huwezi kukithamini kitu usichoweza kukisoma. Kwa hiyo nakupa vipimo vinne ambavyo bibi alinifundisha. Ukienda sokoni navyo, muuzaji atajua kwamba amempata mteja.

Kwanza, uinue mkeka uelekee jua. Ukili uliobana vizuri haupitishi mwanga ovyo. Ukiona vitundu vingi, msukaji alikuwa na haraka.

Pili, geuza upande wa nyuma. Mbele kila mkeka ni mzuri. Nyuma ndiko utakaona kama mshono umenyooka na kama vinyuzi vimekatwa au vimefichwa tu.

Tatu, fuata nakshi kwa kidole kutoka ukili mmoja hadi mwingine. Zikikutana sawasawa kwenye mshono, umeshika kazi ya mtu aliyehesabu tangu mwanzo.

Nne, pitisha kitambaa chenye unyevu kwenye rangi. Kikitoka chekundu, shuka lako jeupe nalo litatoka jekundu.

Mimi vipimo hivi nilivijua nikiwa mwaka wa pili chuoni, mtu mzima na ndevu zangu. Kabla ya hapo nilikuwa nalala juu ya mkeka bila kuuona.

Kizuri chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la kijiji methali hiyo ni kweli. Mnunuzi anamjua msukaji, anaijua kazi yake ya mwaka jana, na aliyesuka vibaya anajulikana mtaa mzima.

Lakini soko letu si la kijiji tena. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990, na leo kila mmoja wetu anatembea na skrini mfukoni. Kwenye skrini kinachouzwa ni kile kinachojitembeza. Mkeka wa plastiki unatoka kiwandani maelfu kwa maelfu, wote sawa, picha moja inatosha kuitangaza yote. Mkeka wa bibi uko mmoja. Ukiupiga picha leo ukauza kesho, picha imeshakuwa ya uongo, kwa sababu unaofuata hautafanana nao.

Mwaka 1936 Mjerumani Walter Benjamin alichapisha insha kuhusu sanaa katika zama za kunakili kwa mitambo. Hoja yake kubwa ni kwamba kitu kikinakiliwa bila mwisho, kinapoteza ile hali ya kuwa hapa, mahali hapa na wakati huu. Tuliisoma darasani nikaona ni mambo ya Ulaya na filamu zao. Nilimwelewa siku nilipoona kwenye duka moja mkeka wa plastiki uliochapwa nakshi za ukindu, mpaka mistari ya mshono imechorwa. Mshono usioshona kitu.

Nisiwe mnafiki. Plastiki ina sifa zake: inafuliwa, haiogopi mvua, bei yake mtu anaimudu. Bibi mwenyewe anao mkeka wa plastiki, anautandika uani wageni wakizidi. Simlaumu anayenunua. Ninachokataa ni kuuweka ule na huu kwenye mizani moja halafu tukasema wa bibi ni ghali.

Watu elfu kumi na moja

Likizo iliyopita nilimrekodi bibi akisuka, sekunde arobaini tu za vidole vyake, nikaweka mtandaoni. Ndani ya siku nne video ikatazamwa na watu 11,000. Maoni yalimiminika: maashallah, mikono ya dhahabu, huu ndio utamaduni wetu, tusiuache upotee. Nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Mtu mmoja akauliza bei. Nikamwambia 35,000. Akajibu, "Mbona ghali hivyo? Wa plastiki elfu kumi na tano." Na mimi, badala ya kumweleza, nikaona haya. Nikamjibu, "Sawa kaka, hata elfu kumi na tano utapata." Hakurudi tena.

Jioni nikamwonyesha bibi simu. Akaangalia, akacheka kujiona, kisha akaniuliza, "Sasa mume wangu, hao watu elfu kumi na moja wamenunua mingapi?"

"Hakuna, bibi."

"Basi hao ni wapita njia. Na huyo wa elfu kumi na tano, nani kakupa ruhusa ya kuniuza?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikachukua daftari, nikaanza kuandika saa zake kwa mkeka mmoja wa futi nne kwa futi sita na nusu, wenye ukili wa pima 21 hivi. Kukata na kubeba ukindu: saa 6, maana siku hizi anaufuata mbali. Kuchana: saa 5. Rangi: saa 3. Kusuka: saa 52. Kushona na kupiga pindo: saa 9. Jumla saa 75. Kuanika sikuhesabu, hiyo ni kazi ya jua.

Mchuuzi anayepita kijijini anampa 18,000. Toa rangi ya 3,000, inabaki 15,000. Gawanya kwa saa 75. Ni shilingi 200 kwa saa, bei ya andazi moja pale kantini.

Hata kwa ile bei iliyoitwa ghali, ukitoa rangi na nauli ya mzigo ya 4,000 hadi Mbagala Rangi Tatu, bibi anabaki na 28,000. Hiyo haifiki shilingi 400 kwa saa. Na bei niliyoikubali mimi kwa aibu ilikuwa chini hata ya ile ya mchuuzi. Mchuuzi angalau anabeba mzigo kichwani.

Hapo ndipo nikaiona tofauti ninayotaka uiondoke nayo: kusifu si kuthamini. Kusifu hakugharimu kitu, na vyombo vya habari vimefanya sifa iwe rahisi kuliko wakati wowote. Kuthamini kuna neno thamani ndani yake. Lazima mtu ajue kazi, aihesabu, kisha alipe au amwambie mwenzake kwa nini inalipwa hivyo.

Hata sifa za juu kabisa hazitoshi peke yake. Utengenezaji wa nguo za magome ya mti wa mutuba kule Buganda, nchini Uganda, ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote. Ni heshima kubwa. Lakini gome bado linatakiwa kubanduliwa na kupondwa na mtu, na mtu huyo anakula. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, nilikuwa sekondari, na nakumbuka bibi alivyouza vikapu kwa wiki kadhaa bila kupumzika. Halafu ikaja mifuko mbadala ya kiwandani, bei poa, na vikapu vikarudi kuning'inia ukutani. Sheria ilifungua mlango. Wanunuzi hatukuingia.

Tuanzie wapi

Sisemi kila mtu arudi kijijini akasuke. Binamu zangu wa kike hawasuki, na nikiangalia shilingi 200 kwa saa siwezi kuwalaumu. Ujuzi huu hautakufa kwa uvivu wa mabinti, utakufa kwa hesabu mbaya. Na hesabu tunaweza kuirekebisha.

Ukirekodi fundi yeyote, awe msukaji, mfinyanzi au mchongaji, muombe ruhusa kwanza, kisha chini ya video andika mambo matatu: saa alizotumia, bei anayoitaka yeye, na namna ya kumpata. Video bila hayo ni burudani tu.

Ukinunua, uliza "umechukua siku ngapi?" kabla ya kuuliza "mwisho shilingi ngapi?" Utaona mazungumzo yanabadilika.

Na kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi: kila mwaka tunaagiza mifuko na mabegi ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, yamechapwa nembo, zipu zinakufa kabla ya mitihani. Agizeni hata sehemu moja ya kumi iwe vikapu vya ukindu. Oda ya miezi sita kabla, malipo ya awali nusu. Kundi la akina mama kijijini likipata oda ya namna hiyo, binti atakaa pembeni ajifunze bila kushurutishwa.

Mimi nimeanza na dogo. Video ile nimeiandikia upya: saa 75, bei 45,000, haipungui. Mpaka naandika makala hii imeuza mikeka mitatu. Ni michache, lakini bibi ameiuza kwa bei yake.

Na ule wa nyuma ya kabati nimeutandika. Kona moja ilikuwa imeachia mshono. Bibi alikuwa amenionyesha namna ya kuushona, nikaushona vibaya lakini umeshika. Jamaa wa vimbweta wanakuja kuukalia, na siku wakisema mkeka umechanika, nawaambia huu wangu ukichanika unashonwa.